"Pen" ikisikika "pin": lafudhi za Kiingereza zinavyokanganya watu

MkalimaniMpya:
Wadau, salaam. Naandaa mazoezi ya kusikiliza kwa wakalimani wa simu wanaoanza kazi. Sarufi ya Kiingereza wanayo, msamiati wanao, ila wakikutana na mtu wa New Zealand au wa Liverpool wanapotea kabisa. Natafuta mifano ya mkanganyiko wa kuchekesha, maana kinachochekesha hakisahauliki upesi, lakini iwe na msingi wa kifonetiki: nani katamka, nani kasikia vingine, na ni sauti ipi iliyohama. Kama kuna namna ya kujinasua katikati ya mazungumzo, nayo naihitaji.

UlimiNaMeno:
Anza na New Zealand, kwa sababu huko utaona wazi kwamba mambo haya yana utaratibu wake. Irabu tatu fupi zimesukumana kama watu waliobanana kwenye benchi. Irabu ya "bad" imepanda hadi pale Mwingereza anapoiweka irabu ya "bed". Ile ya "bed", ikikimbia kubanwa, imepanda kuelekea "bid". Ya "bid" imekosa pa kukaa ikarudi katikati ya kinywa, ikawa inakaribia "bud".

Ukishajua hivyo, unaweza kubashiri kitakachosikika vibaya hata kabla hakijatamkwa. "Pen" kwa sikio la Mwingereza au Mmarekani huwa "pin". "Six" huwa "sux". Mpokezi wa hoteli akimwuliza mgeni kama yuko tayari kwa "check in", mgeni husikia "chicken", naye hujibu kwamba ahsante, ameshakula. Waaustralia huwatania jirani zao hawa kwa "fush and chups". Na wale hujibu kwa "feesh and cheeps", kwa sababu irabu hiyohiyo Australia imekwenda upande wa pili, imepanda juu na mbele. Kila mmoja humsikia mwenzake kama ndiye aliyepotoka.

Kuna jambo jingine la New Zealand ambalo kwa mkalimani ni zito kuliko kuku. Kwa wasemaji wengi wa huko, hasa vijana, irabu ya "ear" na ya "air" zimeungana. "Beer" na "bear" ni sauti moja. "Cheer" na "chair" vilevile. Na "really" na "rarely" pia. Sasa mtu akikwambia kwamba dawa fulani "rarely" inamsumbua, au "really" inamsumbua, maana zimepishana kama mashariki na magharibi. Hapo usibashiri, uliza ni mara ngapi kwa wiki.

Kinasasauti:
Nakubaliana, lakini wanafunzi wako wapate kwanza "can" na "can't" ya Kimarekani. Hicho ndicho kikwazo kinachogeuza "naweza" kuwa "siwezi" mara nyingi kuliko kingine chochote, na wengi hukisikiliza mahali pasipo sahihi: wanasubiri "t".

Hiyo "t" haiji. Mmarekani huifungia kooni au nyuma ya meno bila kuiachia. Kinachotofautisha ni uzito. Kwenye "I can go", neno "can" hupoteza irabu yake karibu yote, likabaki "kn", na mkazo wote huangukia "go". Kwenye "I can't go", irabu husikika kamili na hubeba mkazo: "KAN". Kwa hiyo ukisikia "kan" iliyo wazi kabla ya kitenzi, mtu huyo anakataa, hata kama "t" hukuiona. Mwingereza wa kusini ni rahisi zaidi kwa sababu yeye hutamka "kaant", irabu ndefu ya nyuma, hivyo hachanganyi.

Cha pili ni "t" iliyo katikati ya irabu mbili. Mmarekani huigusa kidogo kwa ncha ya ulimi ikawa kama "d" nyepesi, ndipo "writer" na "rider", "metal" na "medal" hufanana. Kasoro hiyo unaweza kuitumia kwa faida yako kwenye tarakimu. "Thirty" huwa "thurdi", lakini "thirteen" hubaki na "t" kali yenye pumzi, kwa kuwa inaanzisha silabi nzito. Watu hufundishwa kusikiliza mkazo, na mkazo hudanganya: ukisema "thirteen days", mkazo husogea mbele ukakaa pale ulipo wa "thirty". "T" yenyewe haibadiliki. Tahadhari moja tu: baada ya "n", "t" huweza kutoweka kabisa, hivyo "twenty" huwa "tweni" na "ninety" huwa "naini" yenye mkia.

HerufiKwaHerufi:
Msisahau kutaja herufi kwa simu, maana majina ya watu na barua pepe ndipo yanapoharibikia.

Kwa lafudhi nzito ya Australia, herufi A husikika "ai". Wengine wote duniani wanaiita I hivyo. I yao nayo imesogea, inaelekea "oi". Ndiyo asili ya ule utani wa siku nyingi wa mgonjwa anayeambiwa atarudi nyumbani "today", akasikia "to die". Msemaji wa Kiswahili ana tabaka la ziada la matatizo: kwetu "e" ni "e", lakini Mwingereza akitamka jina la herufi A sikio letu husikia "ei" na mkono huandika E, akitamka E, mkono huandika I. Mpe mwanafunzi neno lenye A, E na I kwa pamoja, litamkwe na Mwaustralia, uone karatasi zitakavyotofautiana.

Z ni tatizo jingine. Mwingereza husema "zed", hana shida. Mmarekani husema "zii", na kwenye simu mbovu hiyo ni sawa na C.

Dawa ipo tangu 1956, nayo ni ile orodha ya usafiri wa anga: Alfa, Bravo, Charlie na kuendelea. Ilitungwa kwa ajili ya masikio ya watu wa lugha tofauti. Alfa huandikwa kwa "f" ili mtu asiyejua kwamba "ph" ni "f" asikosee, na Juliett ina "t" mbili ili Mfaransa asiimeze ile ya mwisho. Tarakimu pia zimerekebishwa: tatu ni "tree", tano ni "fife", tisa ni "niner", kwa sababu "five" na "nine" zina irabu moja na zikipita kwenye redio hugeuka kuwa kitu kimoja. Wakalimani wako waikariri yote, herufi 26. Haichukui zaidi ya siku chache.

Kaskazini_Kusini:
UlimiNaMeno kaeleza vizuri, ila niongeze kuhusu "pen". Marekani ya kusini nako "pen" na "pin" ni neno moja kwa sauti, lakini sababu ni tofauti na mpaka wake ni tofauti: huungana mbele ya "n" na "m" tu. "Pet" na "pit" hubaki mbali. Ndiyo maana huko utasikia mtu akiomba "ink pen", kalamu ya wino, aeleweke. Ukipanda hadi miji ya kando ya Maziwa Makuu ya Marekani, kama Chicago, Detroit na Buffalo, mambo hugeuka tena: "block" huelekea "black", na "socks" husikika "sacks". Mtu anatafuta soksi, anaonyeshwa magunia.

Uingereza kwenyewe, kwa kifupi. Kaskazini husoma herufi "u" karibu kama sisi: "bus" ni "bus" kabisa, na "luck" husikika "look". London ya mitaani "th" huwa "f", hivyo anayetaka tiketi "three" anasikika anataka tiketi "free", za bure. Ireland "th" ni "t" inayogusa meno, ikawa "tree". Wao wenyewe husikia tofauti, mgeni hasikii. Liverpool "fur" na "fair" huungana, na "her hair" husikika kama neno moja lililorudiwa. Na wale wasiotamka "r" mwishoni mwa silabi huipachika mahali isipoandikwa: "law and order" hutoka kinywani kama jina la mwanamke, Laura Norder. Boston hawana "r" kwenye "car", basi anayepoteza "car keys" anaonekana kapoteza suruali ya kaki, "khakis".

MkalimaniMpya:
Nashukuru sana wadau, hapa nina mazoezi ya wiki nzima. Limebaki lile la kujinasua. Wanafunzi wangu wakikwama husema "sorry?" mara tatu, na mzungumzaji anaishia kupiga kelele.

UlimiNaMeno:
Wakatazwe kuomba marudio. Mtu akirudia neno lilelile kwa lafudhi ileile, hata kwa sauti ya radi, irabu iliyohama itabaki palepale. Unachohitaji ni neno jingine. Badala ya "sorry?" aulize "the one you write with?" Kwa tarakimu aombe moja moja: "one three, or three zero?"

Kabla ya kazi, asikilize rekodi ya lafudhi husika akiwa na orodha ya maneno 24 aliyoipanga mwanafonetiki John Wells mwaka 1982, neno moja kwa kila kundi la irabu: KIT, DRESS, TRAP na mengine. Dakika kumi zinatosha kujua zipi zimehama. Na simu ikianza, katika maamkizi asikilize "yes", "six" na "today" zikijitokeza. Hizo tatu humwonyesha mapema kama anaongea na mtu wa Sydney au wa Auckland.

La mwisho, na hili hutuponza sisi hasa. Asithibitishe "can't" kwa swali la kukanusha. Kwetu ukiulizwa "Huwezi kuja?" ukajibu "Ndiyo", umekubali kwamba huwezi. Kwa Kiingereza anayeshindwa hujibu "no", na "yes" huchukuliwa kuwa anaweza. Aulize "Are you coming, yes or no?" kisha aandike jibu.