Mwaka wa kwanza wa eksirei, fizikia inanitisha

Mgeni wa Mionzi: Shikamooni wakubwa. Nimeanza mafunzo ya upigaji picha za eksirei. Anatomia naipenda, ila fizikia ya mionzi inaninyima usingizi. Wiki ijayo naingia chumba cha eksirei kwa mara ya kwanza, na nyumbani wanahofia mionzi itanidhuru. Nianzie wapi?

Fundi Picha: Marahaba mdogo wangu. Kwa kuanzia shika kanuni moja: umbali ukiongezeka mara mbili, mionzi inayokufikia hubaki robo. Mingi ya kuogopa hutawanyika kutoka mwilini mwa mgonjwa, kwa hiyo kaa nyuma ya kinga na beji ya kupimia mionzi usiivue. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisivati 20 (kipimo cha mionzi inayopokewa na mwili) kwa mwaka. Ukifuata taratibu utakuwa chini yake sana.

Kinachochelewa kuiva ni mikono. Nikiwa mwanafunzi nilimpiga bibi mmoja picha ya kifua. Umbali sentimita 180, mashine nimeipanga barabara, nikasahau kumsogeza mabega mbele. Picha ikatoka mifupa ya mabega imefunika mapafu. Ikabidi asimame tena, anatetemeka kwa baridi, apate mionzi mara ya pili kwa kosa langu. Iliniuma, na bado inaniuma. Tangu siku ile sibonyezi kabla ya kukagua: kidevu juu, mikono kiunoni, viwiko mbele, alama ya upande wa kulia ipo. Halafu nasema "vuta pumzi, ibane", na macho yangu yako kifuani pake mpaka nione kimetulia.

Mama Kaseti: Naongeza hapo. Mgonjwa mwambie ataje jina lake mwenyewe. Ukimuuliza "wewe ndiye fulani?", aliyezidiwa na maumivu huitikia jina lolote. Na mwanamke muulize kuhusu ujauzito, faragha, kabla hajapanda mezani.

Mgeni wa Mionzi: Ahsanteni sana. Na asiyeweza kusimama?

Fundi Picha: Mpige akiwa amekaa au amelala, mionzi ikiingilia mbele. Hapo moyo huonekana mkubwa kuliko ulivyo, kwa sababu uko mbali zaidi na kaseti, yaani bamba linalopokea picha, na mashine iko karibu. Andika kwenye picha alivyokuwa amekaa au kulala, daktari asije akadhani moyo umetanuka.