Jiko la wanafunzi wa Kiyahudi limekarabatiwa, sasa halipikiki!

Wakuu, ukarabati wa jiko la pamoja la wanafunzi wa Kiyahudi kwenye bweni moja hapa London unatia hasira. Pesa imeteketea, vigae vinang'aa, na hakuna anayeweza kupika humo.

Mkandarasi aliambiwa jiko la kosheri, yaani linalofuata sheria za chakula za dini ya Kiyahudi, yeye akaelewa jiko safi. Usafi peke yake hautoshi! Nyama na maziwa havikutani, iwe kwenye sufuria au kwenye mvuke. Torati imekataza mara 3 kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mamaye, na ndiyo maana kila kitu huwekwa viwili.

Tazama sinki. Wamefunga moja la mabakuli mawili, koki moja ya kuzungusha, na chini bomba moja la maji machafu. Likiziba, maji ya moto ya upande wa nyama yanapanda upande wa maziwa, basi yote mawili yameharibika. Tena ni la kauri! Lingekuwa la chuma cha pua, unalisugua, unaliacha saa 24 bila kitu cha moto, unalikausha, kisha unamwagia maji yanayochemka kila sehemu, linarudi kazini. Kauri ikishanyonya ladha ya chakula, imenyonya. Hiyo ni kung'oa na kufunga masinki mawili, kila moja na koki yake na bomba lake.

Oveni nayo ni moja, na inajizima ikishawaka kwa muda wa saa 12. Nani alichagua hii? Chakula cha Sabato huwekwa motoni Ijumaa kabla ya jua kuzama. London katikati ya Desemba jua huzama kabla ya saa 10 alasiri, kwa hiyo hadi mlo wa mchana Jumamosi ni kama saa 20. Wataamka wakute chungu kimepoa, na kukiwasha tena hawaruhusiwi.

Kibaya kuliko vyote ni taa za sensa. Ukiingia zinawaka zenyewe, na kuwasha umeme siku ya Sabato kwao ni mwiko. Yaani hata kufuata maji ya kunywa hawawezi! Swichi ya kawaida ukutani na taimu vingetosha, tena kwa bei ndogo.

Ramani ilipaswa kupita kwa rabi, kiongozi wa dini yao, anayesimamia kosheri kabla hata koki haijanunuliwa. Sasa gharama ya kubomoa abebe mkandarasi, siyo wanafunzi. Mafundi mliowahi kufunga oveni zenye modi ya Sabato, tajeni hapa zipi hazijizimi kweli.