Shokapu ya mbele inavuja, safari ya Dar: sili tu, bomba jipya au seti ya used?

Shangani_Boxer
Wakuu, pikipiki ni Boxer BM150. Shokapu ya mbele kulia inavuja, bomba (lile la kromu linaloingia na kutoka kwenye shokapu) lina madoa ya kutu juu ya mpira wa vumbi. Nyuma shokapu ya upande mmoja imelala. Safari ni Mtwara–Dar, kama kilomita 560, watu wawili na begi. Nimepewa njia tatu: sili tu (mpira unaozuia oili isitoke), bomba jipya, au seti nzima ya used, yaani ya mtumba. Ipi inafika?

FundiChikongola
Usianze na sili, anza na bomba. Lifute kwa petroli, upitishe ukucha juu ya kila doa kuanzia kwenye mpira wa vumbi hadi sentimita 15 juu. Ukucha ukikwama, hilo shimo litachana sili mpya kama lilivyochana ya zamani. Usipokwama, badilisha sili tu, ila zote mbili, kulia na kushoto.

Vipimo vimechapwa kwenye sili yenyewe: kipenyo cha ndani, cha nje, unene. Nenda nayo dukani. Legeza kifuniko cha juu kabla hujatoa shokapu kwenye pikipiki, ukishaitoa itakuzungukia mkononi. Ondoa kilipu (waya unaoishikilia sili), fungua boliti ya chini, vuta bomba litoke, kisha chokonoa sili bila kukwaruza inapokaa. Ya kurudisha: funika ncha ya bomba kwa nailoni, paka oili, upande wa sili wenye kaspringi ka duara uelekee chini. Igonge kwa kipande cha bomba la maji, sili ya zamani ikiwa katikati.

Kilwa_Rodi
Na oili jamani! Wengi wanamimina 20W-50 ya injini. Nzito mno: shokapu ikizama kwenye shimo la kwanza haijarudi juu, la pili limefika. Tumia oili ya shokapu, 10W, kiasi cha kwenye kitabu cha pikipiki, upime kwa sirinji pande zote sawasawa. Kuzidisha "iwe ngumu" ni kubana hewa ya juu, na hiyo hewa ndiyo itakayosukuma sili nje.

Mnazi_Mmoja_Spea
Mimi nipo kwenye seti ya used, ikipimwa. Bomba jipya la bei rahisi kromu yake ni nyepesi, na kwa chumvi ya pwani hii halikawii kutoa kutu.

FundiChikongola
Sawa, ila used nyingi ni za pikipiki zilizogonga. Toa bomba, livingirishe juu ya kioo kinene. Mwanga ukipita chini yake na kupotea kila linapozunguka, limepinda, liache. Wala usikubali la kunyooshwa kwa presi: kromu hubanduka pale pale lilipopinda, na chuma kikipasuka kitapasukia kwenye kishikio cha chini, kile kinacholibana bomba chini ya usukani, panapobeba mzigo mkubwa.

Kilwa_Rodi
Nyuma hakuna mjadala, nunua jozi. Moja mpya na moja iliyochoka, mkono wa nyuma (fremu inayoshika tairi la nyuma) unajipinda na pikipiki inayumba kwenye kona. Pima urefu wa shokapu, katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini. Ndefu kuliko ya asili, stendi haifiki chini vizuri na mnyororo unabadilika mkazo. Kuichana shokapu ya zamani na kuichomelea tena ni kutupa hela, moto wa kuchomelea unaunguza sili ya ndani. Kwa watu wawili panda ngazi ya kukaza springi, pande zote mbili namba ile ile.

Shangani_Boxer
Ukucha umekwama sehemu mbili. Mabomba hayapo mjini hadi wiki ijayo, na used niliyooneshwa mwanga unapita.

Mnazi_Mmoja_Spea
Basi hiyo used iache, nakubali.

FundiChikongola
Subiri wiki. Kama huwezi kabisa: safisha mashimo, jaza gundi kali tone kwa tone, ikauke, piga msasa wa maji namba 1000 kisha 2000 mpaka ukucha upite bila kuhisi kitu. Ndipo uweke sili. Hiyo ni dawa ya kufika, mabomba utayanunua huko huko Dar.

Kabla ya kukaza ekseli, bonyeza usukani chini mara tano sita miguu ya shokapu ijipange. Kisha nenda Mikindani, hapo jirani na Mtwara, urudi, ufute bomba kwa kitambaa cheupe. Utando mwembamba wa oili ni kawaida. Ukiona duara nene la oili, fungua tena, safari bado.