Mume alipigana Vietnam, amefariki, mjane anaambiwa hana chake kwa sababu ana mshahara. Ni kweli?

Mpwa_wa_Mbali:
Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa mlioko Marekani mnaojua haya mambo ya jeshi. Mama yangu mdogo aliolewa na mzee wa Kimarekani, ndoa imedumu miaka 19. Mzee alipigana Vietnam 1969, akarudi na magoti mabovu na masikio hayasikii, kwa hayo VA, ile idara ya serikali ya maveterani (askari wa zamani), walikuwa wanamlipa kila mwezi. Huu ni mwezi wa tisa tangu afariki, na ile hela ikakata palepale. Mama mdogo ana miaka 57, anahudumia wazee zamu za usiku na nyumba bado ina deni. Sasa kuna jamaa anajiita mshauri wa maveterani kamwambia pensheni ya mjane hapati kwa sababu anafanya kazi, ila akitoa dola 1,500 atamtengenezea faili mpaka lipite. Ameshaanza kukopa. Jana sijalala kabisa.

MamaTatu:
Pole mwanangu, na umfikishie pole mama yako mdogo. Mpigie simu leo hii asitoe hata senti. Kisheria hakuna anayeruhusiwa kumtoza hela kwa kuandaa madai ya mara ya kwanza VA, na wapo watu wenye kibali, wa vyama vya maveterani na hata wa ofisi za kaunti, wanakaa na wewe bure mpaka fomu iishe.

Huyo jamaa kamchanganya. Kuna vitu viwili tofauti. Kuna pensheni ya mjane inayoangalia kipato na mali, hiyo kweli ukiwa na mshahara unaweza kuikosa. Halafu kuna DIC, fidia ya kila mwezi, hii ni kwa mjane ambaye mumewe alifia jeshini au ameuawa na ugonjwa uliotokana na jeshi, na hii haiulizi mshahara wako kabisa, haikatwi kodi, mwaka 2025 kiwango cha msingi kilikuwa dola 1,653.07 kwa mwezi. Ukisema "pensheni ya mjane" watu wanachanganya hizi mbili na wajane wengi wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa nenda kwenye cheti cha kifo. Mimi cha mume wangu mstari wa juu waliandika nimonia, nikakata tamaa, mpaka mama mmoja akaweka kidole mstari wa chini akaniambia soma hapa: mishipa ya moyo. Moyo wa kukosa damu uko kwenye orodha ya magonjwa ya Agent Orange, ile sumu ya kuua majani jeshi la Marekani walimwaga Vietnam, tangu 2010. Aliyekanyaga Vietnam kati ya Januari 1962 na Mei 1975 hahitaji kuthibitisha kwamba ile sumu ilimgusa, wanachukulia ilimgusa. Hata kama alipokuwa hai hakuwahi kudai ugonjwa huo, mjane anaweza kudai. Na si lazima uwe ndio sababu kuu, ukichangia kifo unahesabika. Mzee wenu alikufa na nini?

Kapteni_Mstaafu:
Mama kasema yote ya maana. Naongeza tarehe. Akiwasilisha kabla mwaka haujaisha tangu kifo, malipo yanahesabiwa kuanzia mwezi ule mume aliofariki, akichelewa anaanza kuhesabiwa pale fomu ilipofika, ile miezi ya nyuma imekwenda. Una miezi mitatu tu hapo. Fomu ni 21P-534EZ, aambatanishe cheti cha ndoa, cha kifo na DD214, ile karatasi ya kuachishwa jeshi. DD214 ikipotea asihangaike sana, ule moto wa 1973 kwenye hifadhi ya mafaili ya jeshi kule St. Louis uliunguza faili za jeshi la nchi kavu za walioachishwa 1912 mpaka 1960, yeye wa Vietnam hayumo humo, nakala inaombwa. Na presha imeingizwa orodhani na sheria ya 2022, kisukari aina ya pili kipo siku nyingi. Kwa hiyo msiangalie moyo peke yake.

Dada_Rehema:
Kitu kingine watu hawaambiwi, asiogope maisha yake ya mbele. Sheria ilibadilika Januari 2021, mjane akiolewa tena akiwa na miaka 55 au zaidi DIC haikatwi. Zamani ilikuwa 57. Nimewaona wamama wanaishi kwa kujificha na mwenzao kwa hofu hiyo tu, inaniuma sana.

Mpwa_wa_Mbali:
Jamani Mungu awabariki. Nimempigia, alikuwa anatoka zamu, akaegesha gari pembeni akakitoa cheti kwenye bahasha nyuma ya kiti. Mstari wa kwanza figo kushindwa kufanya kazi. Chini yake kisukari aina ya pili. Akanisomea mara mbili, halafu akanyamaza kimya, nikasikia analia. Zile 1,500 anazirudisha kesho kwa aliyemkopesha, na Jumatatu anaenda ofisi ya maveterani ya kaunti, mimi nitakuwa kwenye simu naye.

MamaTatu:
Hapo sawa kabisa. Abebe na karatasi za hospitali zinazoonyesha kisukari kilianza lini na kiliharibu figo vipi, daktari wake akiandika barua ya mistari mitano inasaidia kuliko maneno mengi. Halafu rudi utuambie.