Taka za jiji: zichomwe au zivundikwe?

Mchokozi: Wakuu, jiji ambalo zaidi ya nusu ya taka zake ni maganda na makombo lichague tanuru la kuchoma taka lizalishe umeme, au biogesi, yaani taka zioze kwenye tangi lisilo na hewa zitoe gesi ya kuwaka? Mimi nasema tanuru. Wavu unaosogea ndani ya tanuru haubagui, kinachoingia kinaungua. Biogesi ibaki huko mazizini.

Mtungi: Mazizini! Tani ya makombo hutoa mita za ujazo 100 hadi 150 za gesi. Tani ya samadi mbichi ya ng'ombe, kama 25. Ng'ombe keshakula utamu wote. Soma kwanza, dharau baadaye.

Hesabu Kavu: Mwacheni ng'ombe. Tuseme unyevu wa taka ni 55%, sehemu kavu ina megajuli 16 za joto kwa kilo: 0.45 × 16 = 7.2. Toa 1.3 za kugeuza maji kuwa mvuke, zinabaki 5.9. Mwongozo wa Benki ya Dunia unataka wastani wa mwaka usipungue 7, na msimu wowote usishuke chini ya 6. Hapo wavu utabagua sana. Moshi ukipoa chini ya nyuzi 850, vichomeo vya dizeli vinawaka vyenyewe. Unanunua mafuta ili uuze umeme.

Mchokozi: Hiyo ni hesabu ya taka zinaposhuka kwenye lori. Zilaze kwenye shimo la mtambo siku tano, kreni izigeuze, mchuzi (maji machafu ya taka) uchuruzike. Wachina wanachoma hivyo kila siku.

Hesabu Kavu: Sawa, ila matundu ya kutolea mchuzi yanazibwa na mifuko ya plastiki, taka zinaogelea, unyevu unarudi palepale. Na mchuzi wenyewe unahitaji mtambo wake wa kuusafisha. Umeuweka kwenye bajeti?

Pitapita: Mbona hamtaji kugeuza taka kuwa gesi kwa joto?

Hesabu Kavu: Taka mchanganyiko hutoa lami inayoganda kwenye mabomba na vali za injini. Chipsi za mbao kavu, sawa.

Mchokozi: Mtungi kanyamaza kuhusu mchanga. Unatulia chini na kula ujazo wa tangi, plastiki zinaelea juu na kufanya gamba, kikoroga kinakwama.

Mtungi: Sijanyamaza, nilikuwa nangoja uombe radhi. Ndiyo maana taka hupondwa, zikapita kwenye chujio na kitenga mchanga kabla ya tangi. Kinachoua tangi ni pupa: ukilisha kwa mpigo mzigo wa siku tatu, asidi inawazidi nguvu vijidudu vinavyotengeneza methane, ile gesi inayowaka, pH (kipimo cha uchachu) inashuka chini ya 6.5, gesi inajaa kaboni dayoksaidi. Unasitisha kulisha, unaongeza chokaa kidogokidogo, unasubiri wiki kadhaa.

Pitapita: Kumbe swali ni nani atatenganisha taka majumbani?

Mtungi: Swali ni kwa nini katutukana na ng'ombe.

Mchokozi: Nilisema mazizini. Ng'ombe umemleta wewe, mbuzi nao wana zizi.