Shemeji yangu yuko hai, lakini Ujerumani wameshamzika. Hizi picha za watoto wetu zikome

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, kwa hiyo aliyekuja kutafuta vichekesho apite tu.

Dada yangu ameolewa juu kule Moshi, kwenye moja ya vile vijiji ambavyo watalii hupita kwenda kuona maporomoko, halafu wanaingizwa kwenye kihamba (shamba la nyumbani) cha mtu wakakaange na kutwanga kahawa. Mumewe ni fundi pikipiki. Wana watoto watatu, ng'ombe wawili wa ndani, nyumba ya tofali. Matajiri sio, ila njaa hawaijui. Mtoto wao wa pili yuko darasa la pili. Jumamosi moja mwezi wa saba alitumwa majani ya ng'ombe, na mnajua mtoto hatumwi majani akiwa na nguo za kanisani: kaptula iliyochanika nyuma, miguu peku, kamasi. Kule mwezi wa saba ni ukungu na baridi, kwa hiyo juu alikuwa na sweta lake la shule.

Njiani akakutana na kundi la wageni na kijana anayewatembeza. Kijana akamwambia avue sweta, ajitwike majani, aangalie kamera na asicheke. Akapewa pipi mbili. Sweta likabaki ukingoni mwa mfereji, na aliporudi kulifuata halikuwepo. Jioni alichapwa kwa kupoteza sweta, maana hiyo hadithi yake ya wazungu hakuna aliyeiamini.

Tukaja kuiamini mwezi wa kumi na moja. Binamu yangu anayeishi Ujerumani alinitumia skrini shoti WhatsApp: "Kaka, huyu si mtoto wa dada?" Ndiye. Yeye na majani yake. Ukurasa ni wa binti mmoja aliyekuja kujitolea miezi mitatu kwenye kituo cha watoto cha jirani, kituo ambacho mpwa wangu hajawahi kulala hata usiku mmoja. Binamu akanitafsiria maelezo. Kapewa jina ambalo si lake. Baba alifariki, mama ni mgonjwa, anakula mara moja kwa siku, euro 30 kwa mwezi zitambadilishia maisha. (Euro 30 ni masweta matano ya shule, na chenji inabaki.)

Nilimpigia shemeji, maana jambo kama hilo huwezi kumficha mtu. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza taratibu, "Shemeji, mimi nimezikwa lini?"

Sasa hapa ndipo damu yangu ilipochemka. Nilishuka chini kwenye ukurasa huohuo. Kuna picha ya siku ya kuzaliwa ya mtoto wa dada yake huyo binti, huko kwao. Keki, mishumaa, na uso wa mtoto umefunikwa kwa kikatuni cha moyo. Hata jicho halionekani. Picha inayofuata, watoto kumi na mmoja wa kwetu, nyuso wazi, mmoja wao hana hata kaptula. Ukurasa mmoja, mtu mmoja, wiki moja! Kwa hiyo msije mkaniambia alikuwa hajui. Anajua vizuri sana kwamba uso wa mtoto haumwagwi mtandaoni. Kwao kuna sheria ya tangu 1907 inayosema kimsingi kwamba picha ya mtu haisambazwi bila ridhaa yake. Mwaka 1907 sisi tulikuwa chini yao, mjue. Sheria waliiacha kwao.

Nilimwandikia. Akajibu kwa adabu, alitaka tu kusaidia, anaipenda sana Tanzania. Akafuta sentensi ya baba kufariki. Picha akaiacha, kwa sababu "imewagusa watu wengi".

Lakini yeye ni mpita njia, miezi mitatu kaondoka. Hasira yangu kubwa iko kwa sisi wenyewe tunaofungua geti. Yule kijana wa kutembeza wageni pikipiki yake inatengenezwa na huyohuyo shemeji yangu! Nilipomfuata alicheka: "Bro, hizo si kazi tu, wageni wanataka picha za hivyo." Mama mlezi wa kituo naye alinikaribisha chai, akanisikiliza, halafu akaniambia, "Baba yangu, mimi nina watoto thelathini humu. Bila picha unga unatoka wapi?" Akanionesha faili la fomu za ridhaa. Zote za Kiingereza. Wazazi waliambiwa wanasaini kwa ajili ya madaftari. Mpwa wangu hata fomu hiyo hana.

Najua kuna watu humu watamtetea mama mlezi, na kiukweli swali lake la unga si la kijinga. Picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilifanya dunia itoe hela, sikatai. Njaa ile ilikuwepo kweli na watu walikuwa wanakufa. Mtoto anayekata majani Jumamosi ni njaa ipi? Mkishaanza kumvua mtoto sweta ili aonekane maskini wa kutosha, hapo mnaigiza, na mwigizaji amelipwa pipi mbili.

Na mchezo huu si wa Moshi peke yake. Mwaka 2018 kulikuwa na kelele juu ya mpiga picha mmoja wa Italia aliyekwenda vijijini India na meza iliyojaa vyakula bandia, akasimamisha watoto mbele yake, wajizibe macho kwa mikono na wafikirie chakula wanachotamani. Bandia, wakuu. Picha zikawekwa kwenye ukurasa wa World Press Photo, wale wa mashindano ya picha za habari. Hapo jirani Malawi, BBC walionesha mwaka 2022 Mchina aliyekuwa anarekodi watoto wa kijiji cha Njewa, nje ya Lilongwe, video za kuuza kwao. Watoto wakaimbishwa kwa Kichina kwamba wao ni mazimwi meusi yasiyo na akili, na wanaruka kwa furaha kwa sababu hawajui wanasema nini. Alikimbilia Zambia, akakamatwa na kurudishwa. Mimi video ile sikuweza kuimaliza.

Hata ile picha maarufu ya Sudan ya mwaka 1993, mtoto kainama chini na tai anamsubiri nyuma, gazeti la New York Times waliitoa, mwaka uliofuata ikapata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari ya Marekani. Watu wamebishana miaka na miaka juu ya mpiga picha, alifanya nini, hakufanya nini. Mtoto mwenyewe dunia nzima ilimwita msichana. Alikuwa mvulana, na hilo lilijulikana baada ya waandishi kuwafikia ndugu zake, miaka zaidi ya kumi na tano baadaye. Tuzo ilishatolewa zamani.

Halafu kwa wale wa "bila picha hakuna msaada": Comic Relief ya Uingereza, taasisi ya kuchangisha misaada ambayo kwa miaka mingi ilikuwa inaleta mastaa wake kuja kulia mbele ya watoto wetu, ilitangaza mwaka 2020 kwamba inaachana na mtindo huo. Kama wakubwa hao wamejifikiria, kituo cha watoto thelathini kinashindwa nini? Piga picha ya darasa, ya kisima, ya gunia la unga lenyewe. Piga mgongo wa mtoto. Au kama mnaona uso hauna shida, wekeni hapa chini picha ya mwanao akiwa na kamasi, muandike kwamba baba yake amekufa, tuone mkeo atasemaje.

Madhara? Shuleni kuna wakubwa wenye simu za kaka zao. Picha ilifika, wala sijui ilifikaje. Mpwa wangu sasa anaitwa "Marehemu". Si baba, ni yeye mtoto. Marehemu, njoo golini. Marehemu, mwalimu anakuita. Akiona mtu kanyanyua simu anaingia migombani, hata akiwa ni mimi mjomba wake nataka kumpiga picha ya kawaida nimpelekee bibi yake.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za watoto imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Kuna Tume yake kabisa. Wakenya wao wameshaonesha njia: mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilipigwa faini ya shilingi zao milioni 4.55 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ruhusa ya wazazi. Milioni nne na nusu za Kenya, zigeuzeni kwa hela yetu muone.

Nimeshaongea na mwenyekiti wa kijiji, kasema ataita kikao, wiki ya tano hii. Afisa ustawi aliniuliza kama mtoto amepigwa au amebakwa, nikasema hapana, akafunga daftari.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye uzoefu: kuna mtu humu amewahi kupeleka lalamiko kwenye Tume? Wanataka nini, skrini shoti inatosha au mpaka kiapo? Lazima aende mzazi mwenyewe au mjomba anaruhusiwa? Na aliyeweka picha akiwa Ujerumani, namlalamikia yeye, kituo, au yule kijana wa pipi? Shemeji yuko tayari kwenda kusaini popote. Anasema angalau wamwone kwa macho yao.