Mtihani wa VT (RVT): vigezo vya karotidi, ABI na takwimu vinanichanganya

Chumvini88

Wakuu, habari za majukumu. Mtihani wa fizikia ya altrasaundi (SPI) wa ARDMS, bodi ya Marekani ya wapiga altrasaundi, nimeshapita; nimebakiza VT, ule wa mishipa ya damu, ili nipate cheti cha RVT. Muundo wa mtihani naujua: maswali kama 170 kwa saa 3, na alama ya kupita ni 555 kwenye mizani ya 300 hadi 700. Shida yangu ni namba. Kitabu ninachosoma kinasema kasi ya damu kwenye karotidi ya ndani (ateri ya shingoni) ikifika 125 cm/s tayari imebana asilimia 50, chati ya ukutani kazini inasema 180. Kwenye ABI (presha ya kifundo cha mguu kugawanya kwa ya mkono) kila nikifanya maswali ya mazoezi najikuta nimegawanya kwa mkono usiotakiwa. Sensitiviti (kipimo kunasa wagonjwa) na spesifisiti (kipimo kutambua wazima) ndizo zinanimaliza kabisa.

Nikariri jedwali lipi? Na wiki zilizobaki niziweke wapi? Kazini napiga zaidi vena za miguu, kwa hiyo upande wa ateri na TCD (altrasaundi ya ateri za ubongo) ndiko nilikolegea.

---

Fundi_Probu

Mkuu, shika kwanza jedwali la SRU (chama cha wanaradiolojia wa altrasaundi) la 2003, maana maswali mengi ya mazoezi yamejengwa juu yake. PSV (kasi ya kilele, moyo unaposukuma) chini ya 125 na hakuna plaki (utando ukutani mwa mshipa): kawaida. Chini ya 125 na plaki ipo: chini ya asilimia 50. Kati ya 125 na 230: asilimia 50 hadi 69. Zaidi ya 230: asilimia 70 na kuendelea. Kila ngazi ina wasaidizi wawili. Uwiano wa karotidi ya ndani kwa ile ya pamoja, ICA/CCA, ni chini ya 2, kisha 2 hadi 4, kisha zaidi ya 4. EDV (kasi mwishoni mwa mapumziko ya moyo) ni chini ya 40, kisha 40 hadi 100, kisha zaidi ya 100. Mshipa ukikaribia kuziba kabisa hakuna namba ya kushika. Kasi inaweza kuwa juu, chini au isisikike, kwa sababu damu inayopita imepungua mno. Hapo unasoma picha ya rangi na uwazi uliobaki.

Hiyo 180 ya kazini kwenu imetokana na mapendekezo ya IAC, wanaotoa ithibati kwa maabara za mishipa. Walipandisha mpaka wa asilimia 50 kwa sababu 125 ilikuwa inawapa ugonjwa watu wasio nao. Kwa hiyo kitabu na chati vyote viko sawa, vimetoka miaka tofauti. Soma swali linataja kigezo gani.

Ila jedwali peke yake halikufikishi. Wanaoanguka VT wengi wanazijua namba, wasichojua ni wakati gani namba inadanganya. Chukua pembe ya Dopla. Mashine inagawanya kwa kosaini ya pembe uliyoiweka wewe. Kosaini ya 60 ni 0.5, ya 65 ni kama 0.42. Kama pembe halisi ni 60 na kishale umekilaza kwa 65, kasi inapanda kwa asilimia 18 hivi bila mgonjwa kubadilika chochote. Kosa hilohilo la digrii 5 ukilifanya kwenye 30, unapotoka kwa asilimia 6 tu. Ndiyo maana hatuvuki 60. Ukipewa picha ya spektramu, kabla hujagusa PSV angalia pembe, skeli, msitari wa sifuri na geti (sehemu inayopimwa kasi) limekaa wapi.

Kilele kikikatika juu na kutokea chini, hiyo ni aliasingi: kasi imevuka kikomo cha Nyquist, ambacho ni nusu ya PRF (idadi ya mapigo ya sauti yanayotumwa kwa sekunde). Panua skeli kwanza, halafu shusha msitari wa sifuri. Ikigoma, tumia masafa madogo zaidi au tafuta dirisha lenye kina kifupi. Kupunguza geini hakutibu aliasingi, na jibu hilo huwekwa makusudi kati ya machaguo.

---

MamaVena

Kwenye ABI, mdogo wangu, mkono unaotumika ni mmoja tu kwa miguu yote miwili: ule wenye presha ya juu zaidi. Kila mguu unachukua presha kubwa kati ya DP (ateri ya juu ya wayo) na PT (ya nyuma ya kifundo) zake. Tuseme mkono wa kulia ni 140 na wa kushoto 112. Kifundo cha kushoto, DP ni 96 na PT ni 104. Hesabu ni 104 kugawanya kwa 140, unapata 0.74, ugonjwa upo. Ukigawanya kwa mkono wa upande uleule, 112, unapata 0.93, na mgonjwa umempeleka kwenye mpaka kana kwamba hana neno. Tena tofauti hiyo ya 28 kati ya mikono usiipite kimya: ikifika 20 mmHg au zaidi, shuku ateri ya subklavia upande wa presha ndogo, na swali linalofuata linaweza kuwa la ateri ya vetebra kurudisha damu nyuma.

Ngazi: 1.0 hadi 1.4 kawaida, 0.91 hadi 0.99 mpakani, 0.90 kushuka chini ni ugonjwa. Zaidi ya 1.4 usifurahi, ateri haibinyiki kwa sababu ya kalsiamu, na wenye kisukari na wanaosafishwa damu ndio hasa. Hao wapime kidole gumba cha mguu. Uwiano wa kidole kwa mkono ukiwa chini ya 0.7 si salama. Mawimbi ya PVR (mabadiliko ya ujazo wa mguu kwa kila pigo la moyo) nayo yanasaidia kwa kuwa kalsiamu haiyaharibu kama inavyoharibu presha.

Kafu (mkanda wa kupimia presha) inaulizwa mno. Upana wake uzidi kipenyo cha kiungo kwa asilimia 20. Kafu nyembamba inatoa presha ya juu ya uongo, pana mno inatoa ya chini ya uongo. Ndiyo sababu kwa mbinu ya kafu 4, paja la juu la mtu mzima wa afya husoma 20 hadi 30 mmHg zaidi ya mkono. Likisoma sawa na mkono, kuna kizuizi juu yake, usilipitishe kama la kawaida.

Baada ya mazoezi, mguu mzima haushuki presha. Ukishuka, angalia unarudi baada ya muda gani: dakika 2 hadi 6 ni ugonjwa wa eneo moja la ateri, 6 hadi 12 ni maeneo kadhaa.

---

Sono_254

Takwimu ni marks za bure ukichora kisanduku cha vyumba vinne kabla ya kusoma machaguo. Juu weka ukweli (anjiografia), ubavuni weka altrasaundi. Mfano: mishipa 200. Anjiografia inasema 80 imebana, na altrasaundi imeinasa 72 kati yake. Iliyobaki 120 ni mizima, na altrasaundi imeiita mizima 102.

Sensitiviti ni 72 kwa 80, asilimia 90. Spesifisiti ni 102 kwa 120, asilimia 85. Sasa geuka usome kwa ubavu: waliotajwa wagonjwa ni 72 na 18, jumla 90, hivyo thamani ya jibu chanya ni 72 kwa 90, asilimia 80. Ya jibu hasi ni 102 kwa 110, karibu asilimia 93. Usahihi wa jumla, 174 kwa 200, asilimia 87. Safu za wima ni sensitiviti na spesifisiti, za mlalo ni hizo thamani mbili. Basi.

Hapo ndipo ile 125 na 180 inaingia. Ukishusha mpaka unanasa wagonjwa wengi zaidi, sensitiviti inapanda, lakini na wazima unawabeba, spesifisiti inashuka. Ukipandisha, kinyume chake.

TCD iko rahisi kuliko inavyotisha. Dirisha la panja: damu ya MCA (ateri ya kati ya ubongo) inakuja kwenye probu, kina cha mm 30 hadi 65, ya ACA (ateri ya mbele) inaikimbia, 60 hadi 80. Dirisha la kisogoni: vetebra zinakimbia, 60 hadi 90, na basila inakimbia, 80 hadi 120. Kasi inayotumika ni ya wastani, si PSV, na pembe inachukuliwa kuwa sifuri. MCA ikiwa na kasi kubwa, igawanye kwa karotidi ya ndani ya shingoni: zaidi ya 3 ni mshipa kujikaza, zaidi ya 6 ni mkali. Chini ya 3, damu ni nyingi tu kila mahali.

Vena zako nazo usiziamini sana. Reflaksi (damu kurudi nyuma) ni zaidi ya sekunde 0.5.

---

MamaVena

Sono_254, hiyo 0.5 ni ya vena za juu juu kama safena. Femorali na poplitea ni zaidi ya sekunde 1.0. Na mgonjwa awe amesimama, uzito ameuweka kwenye mguu usiopimwa. Chumvini, hapa ndipo wazoefu wa vena huachia alama, kwa sababu kazini wengi hupima kwa mazoea ya hapo walipo.

---

Chumvini88

Asanteni sana, kisanduku cha vyumba vinne nimekielewa. Kuna swali la mazoezi limenishinda: ICA ya kulia PSV 165, EDV 38, CCA 110. Plaki kidogo tu. ICA ya kushoto imeziba kabisa. Mimi nilijibu asilimia 50 hadi 69, wakasema si sahihi.

---

Fundi_Probu

Gawanya 165 kwa 110: 1.5. Uwiano uko chini ya 2, EDV chini ya 40, plaki ni kidogo. PSV peke yake ndiyo imevuka. Upande wa kushoto umeziba, kwa hiyo wa kulia unabeba mzigo wa pande zote mbili na kasi imepanda njia nzima, hata CCA. Jibu ni chini ya asilimia 50 na damu ya kufidia. Mwandishi wa swali hakukutajia kuziba kwa kushoto kwa kupamba.

Uwiano huo una sharti lake pia: CCA ipimwe sm 2 hadi 4 chini ya mgawanyiko. Ukiipima chini kabisa karibu na kola, kasi huwa kubwa zaidi, uwiano unashuka, na mbano wa kweli unakuponyoka.